Msanii wa Taka Si Mfagiaji

Mtahiniwa, ukikutana na swali la insha kuhusu wasanii wanaotumia taka, najua aya yako ya kwanza. Utaandika kwamba wasanii hao wanahifadhi mazingira, uongeze kwamba wamejiajiri, kisha uhamie hoja nyingine. Alama utapata. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi naona haki ya msanii umeiacha nje.

Mtazame El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha sanaa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria mjini Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe. Vifuniko vya aina hiyo yeye na wasaidizi wake huvibapa, huvikunja, huvitoboa, kisha huviunganisha kimoja kimoja kwa nyaya nyembamba za shaba. Vikifika maelfu, hupatikana pazia kubwa la madini linalojikunja ukutani kama kitambaa. Kwa mbali utadhani ni vazi la mfalme. Ukisogea, unasoma majina ya pombe. Na pombe ni miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizileta Afrika Magharibi enzi ambazo binadamu aliuzwa kama bidhaa. Basi kifuniko kile hakikuchaguliwa kwa kuwa ni cha bure, bali kwa kuwa kina historia. Mwaka 2015 maonyesho ya Venice, Italia, yalimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Sidhani alituzwa kwa kupunguza takataka za Nsukka!

Utaniuliza, kuna ubaya gani kumsifu msanii kwa usafi? Ubaya upo. Anayesifiwa kwa kufagia hulipwa kama mfagiaji (na hata wafagiaji hatuwalipi vizuri, ila hiyo ni insha nyingine). Mnunuzi husimama mbele ya kazi yake akasema, "Si ni takataka tu, mbona bei ghali hivi?" Malighafi ilikuwa bure, jicho, mikono na siku alizokesha si bure.

Isitoshe, hoja yenyewe ni dhaifu. Cyrus Kabiru wa Nairobi huunda miwani ya ajabu kwa nyaya na vyuma chakavu. Hata angeunda jozi kila siku, jaa la Dandora lisingepungua. Taka ni wajibu wa serikali na wa viwanda vinavyozalisha plastiki. Tukimtwika msanii mzigo huo, wenye wajibu wanapumua.

Sikatai kwamba wapo waliokusudia mazingira tangu mwanzo. Jahazi la Flipflopi liliundwa Lamu, fundi wake mkuu akiwa Ali Skanda, kwa takriban tani 10 za plastiki, likavishwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar kuwaonya watu kuhusu plastiki. Hilo lisifu kwa kampeni yake. Ila usisahau kwamba mafundi waliozoea mbao walilazimika kujifunza kuunda chombo kwa plastiki, na chombo kikaelea.

Swali hilo likija, anza na kifuniko: kilitoka wapi, mikono ilikifanya nini, kimegeuka nini. Mazingira yasubiri aya ya tatu.