Katiba Haijilindi Yenyewe

Wahenga walinena kuwa mnyonge hana haki. Huko Marekani, wanyonge walipewa haki kwa maandishi, kisha wakapokonywa kwa hila. Kisa hicho kina funzo kwa kila mwalimu na mwanafunzi.

Mnamo 1870, Marekebisho ya 15 ya Katiba ya nchi hiyo yalikataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Majimbo ya kusini hayakuyafuta maneno hayo, yaliyazunguka. Yalitoza kodi ya kura na kumtaka mpiga kura athibitishe kuwa ajua kusoma. Katiba ya Mississippi ya 1890 ilidai asome kifungu cha katiba au akifafanue akisomewa, na mwamuzi wa jibu lake alikuwa karani wa uandikishaji.

Ukatili wa mtihani huo ni kwamba majimbo yayo hayo yaliwatenga watoto weusi katika shule duni. Aliyenyimwa kitabu utotoni alinyimwa kura ukubwani kwa kosa la kutojua kitabu. Na kwa kuwa hakuwa na kura, hakuweza kumwondoa madarakani aliyemnyima shule.

Fundo hilo lilifunguliwa polepole. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu, ikitegemea Marekebisho ya 14 ya 1868, iliamua kwamba kutenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kuvunja katiba. Mwaka 1964 Marekebisho ya 24 yalipiga marufuku kodi ya kura katika chaguzi za kitaifa. Mwaka 1965 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilisimamisha mtihani wa kusoma katika majimbo yaliyobobea katika ubaguzi, na kuyalazimu kupata idhini ya serikali kuu kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Baina ya ahadi na utekelezaji, ilipita miaka 95.

Hata hivyo, mwaka 2013 Mahakama iyo hiyo ilibatilisha kigezo kilichotumika kuyateua majimbo hayo, na sharti la idhini likabaki bila meno.

Twawasihi walimu wasiridhike na kukaririsha vifungu na tarehe. Mwanafunzi afunzwe kuuliza ni nani anayetekeleza sheria, na ni nani anayeizunguka. Raia asiyeuliza hayo atapewa haki yake asubuhi, na jioni hataiona.