Deni la Akina Mama wa 1955

Machi 2021, Bibi Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, wapo waliosema kwamba madai ya akina mama wa nchi hii yamekwisha kutimizwa, na kwamba ayatajaye tena anatafuta ugomvi tu. Maneno hayo twayasikia bado, barazani na hata katika mikutano ya Chama, nayo husemwa na watu wazima wenye heshima zao. Hatupendi kuyapuuza. Furaha ya siku ile ilikuwa yetu pia. Lakini tukirudi nyuma tukatazama harakati hizi zilianzaje, nani aliyezibeba na alikuwa akitaka nini, tutaona kwamba hesabu haijafungwa, na kwamba sehemu ya deni imeandikwa katika daftari letu wenyewe.

Kila mtoto wa shule ajua kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Si wengi wajuao kwamba katika mwaka wake wa kwanza chama kile kilikuwa karibu chama cha wanaume watupu. Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam, akauliza wanawake wako wapi. Swali lilikuwa jepesi, jibu likawa la aibu. Ndipo alipofuatwa Bibi Titi Mohamed, mama wa mjini aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, aliyesoma miaka minne tu, mwimbaji hodari wa ngoma ya Bomba. Kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Namba 15 ilikuwa ya mumewe, Boi Selemani. Basi na tukubali kwamba tawi la wanawake lilianzishwa kwa kuwa mgeni aliuliza. Hilo si la kujivunia. La kujivunia ni lile lililofuata.

Katika muda wa miezi mitatu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha jiunga. Watu wengi hudhani kwamba walivutwa na hotuba. Hotuba zilikuwapo, na Bibi Titi alikuwa na sauti ya kuujaza uwanja wa Mnazi Mmoja. Walakini siri ya kazi ile ilikuwa mahali pengine. Tangu 1951 nchi ilikuwa na Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoongozwa na Lady Twining, mke wa Gavana, na mabibi wa Kizungu wenzake. Huko akina mama wa Kiafrika walifundishwa kufuma, kuoka keki na usafi wa nyumba. Hatusemi kwamba kufuma ni kubaya. Twasema kwamba hapakuwa mahali pa kuuliza kwa nini mtu atawaliwe. Bibi Titi hakupita mlango ule. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, akazungumza nao mmoja mmoja.

Vikundi vile vilikuwa shule kamili ya siasa, ijapokuwa hakuna aliyeviita hivyo. Vilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake, na desturi ya kusaidiana katika arusi na misiba. Viliunganisha wanawake wa makabila mbalimbali waliokutana mjini, wakizungumza Kiswahili. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao na kutoa kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba akina mama hao hawakuja TANU kujifunza umoja wa taifa kutoka kwa wanaume waliosoma. Walikuja nao mkononi. Sisi twaona kwamba sentensi hiyo moja yatosha kuibadili historia nzima ifundishwayo watoto wetu.

Tena walikuwa na uhuru ambao wanaume wengi hawakuwa nao. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Karani alihofia mshahara wake, mwalimu alihofia kazi yake. Mama mwuza pombe au mpika vitumbua hakuwa na kazi ya Serikali ya kufukuzwa. Kwa hiyo ndiye aliyeuza kadi nyumba kwa nyumba, akachanga fedha za safari za viongozi, akawapikia wageni. Si kwamba hakuhatarisha kitu. Wako waliozificha kadi zao waume wasizione, na wako waliopewa talaka kwa sababu ya TANU. Hatari ya mwanamume ilikuwa ofisini. Ya mwanamke ilikuwa ndani ya nyumba yake.

Ulipofika uchaguzi wa 1958, yule aliyepita akiitangaza TANU mtaa mzima hakuweza kupiga kura. Sharti lilikuwa mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mpika vitumbua azipate wapi pauni 150? Hata hivyo hakukaa nyumbani kwa hasira. Aliwaletea wagombea kura za watu wengine, akangoja. Uchaguzi wa kwanza ambao kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, bila sharti la elimu wala mapato, ulikuwa ule wa Rais mnamo Novemba 1962, karibu mwaka mzima baada ya Uhuru.

Mwaka huohuo wa 1962 ikaundwa UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Kila mtu aliamini kwamba sasa zamu ya mambo ya nyumbani imefika. Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi kidogo.

Mwaka 1963 Serikali yetu wenyewe, si ya Gavana, ilitoa tangazo lililokusanya sheria za mila na kuziandika, liitwalo Tangazo namba 436. Nia yake haikuwa mbaya: taifa changa lilitaka sheria moja badala ya mila mia. Lakini tazama lilivyosema kuhusu urithi kwa makabila yafuatayo ukoo wa baba. Warithi waliwekwa katika daraja tatu. La kwanza ni la mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa. La pili ni la watoto wengine wa kiume. La tatu ni la mabinti. Ardhi ya ukoo binti aweza kuitumia maishani mwake, asiweze kuiuza. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mila iliyokuwa ikibadilika mdomoni mwa wazee ikawa maandishi, na maandishi hayabadiliki kwa maneno ya wazee. Hayo yalitokea miaka minane tu tangu kadi zile 5,000.

Jambo la nyumba lina uchungu wake. Kwa mwanamke wa mjini asiye na elimu, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa pensheni na ngao yake akiachwa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na Bibi Titi akajiuzulu uongozi. Hatusemi kwamba Azimio lilikosea kuwazuia viongozi wasiwe makabaila. Twasema kwamba kipimo kimoja kiliwapima watu wawili waliosimama mahali pawili. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 akaachiliwa kwa msamaha. Alifariki Novemba 2000. Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake, na wengi waipitao hawajui zaidi ya jina.

Tangu hapo lililopatikana limepatikana kwa hatua ndogo, na nyingi zilipigwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliwanyima waume na wake haki ya kupigana kwa kisingizio cha kurudiana. Sheria hiyohiyo ikaweka umri wa kuolewa miaka 15 kwa binti na 18 kwa kijana wa kiume. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi. Hawa mwenyewe hakugawiwa kitu. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory, aliyeuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Sheria za ardhi za 1999 zikatamka usawa wazi. Lakini mwaka 2006 wajane wawili walipokwenda Mahakama Kuu kulipinga lile tangazo la 1963, waliambiwa kwamba kweli lina ubaguzi, ila kulibatilisha kungefungua mlango wa mambo mengi. Wakaenda hadi kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba nchi yetu imevunja haki zao.

Ni wanawake wale wale, jamani: wasio na vyeo, wakibisha mlango baada ya mlango.

Wala tusidhani kwamba ikifutwa karatasi jambo limekwisha. Shamba la marehemu mara nyingi hugawanywa kabla hakimu hajasikia habari zake, matanga yakianuliwa, katika kikao cha ukoo ambacho mjane huketi pembeni akisubiri kuambiwa. Katika kikao hicho, mara nyingi, yumo balozi wetu wa shina, au mwenyekiti wa kitongoji aliyepitishwa na Chama na kuchaguliwa kwa kura za akina mama hao hao. Makao makuu ya wilaya hupokea taarifa za idadi ya kadi zilizouzwa. Twaomba zipokee na taarifa nyingine: kiongozi yule alipokuwa ameketi pale, mjane akiondolewa shambani, yeye alisema nini?