Si mvua peke yake

Mhariri,

Kila ukame unapopiga Turkana, lawama zote hutupiwa mvua. Ni kweli misimu 5 mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022. Lakini Trans Nzoia, ghala la mahindi la Kenya, imeunganishwa na Turkana kwa barabara itokayo Kitale hadi Lodwar. Chakula kipo, mfugaji ndiye asiyeweza kukinunua. Ukame ukianza, mbuzi hukonda na bei yao huporomoka, huku gorogoro ya mahindi ikipanda. Msaada unapofika, zizi limeshabaki tupu na watoto wameshadhoofika.

Serikali inunue mifugo mapema, ingali na nyama, na iwatumie wafugaji pesa kwa simu kabla hawajauza mbuzi wa mwisho. Wakulima nao wapate mashine za kukaushia mahindi karibu na mashamba, maana mavuno yakinyeshewa huota kuvu na kutupwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokaa na njaa. Wabunge wetu, idaini haki hiyo katika bajeti ijayo.

Msomaji,
Kitale