Vijana wa sayansi waelekezwe maabara ya jinai

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba hata mama mzazi asingeweza kumtambua mwanawe. Ikabidi vipimo vya vinasaba vitumike. Kazi hiyo haina kubahatisha: kila sampuli hufungwa kwa lakiri, hupewa namba, na kila anayeipokea husaini, kwani lakiri ikivunjwa kiholela, ushahidi hutiliwa shaka.

Wapo watakaosema ajira katika maabara ya jinai ni chache na mitambo yake ni ghali. Ni kweli. Lakini anayejua kupima vinasaba, sumu na dawa za kulevya haitumikii mahakama peke yake. Ujuzi huo unahitajika pia hospitalini, viwandani na katika kupima maji yatokayo milima ya Uluguru. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo papo hapo, chini ya milima hiyo. Walimu wa kemia na baiolojia, wafungulieni wanafunzi njia hii mapema. Marehemu ana haki ya kuzikwa kwa jina lake.