Basari za Mwala na kura za maseneta 45

Mzazi wa Mwala, kaunti ya Machakos, anayetegemea basari ya CDF ana sababu ya kufuatilia miswada bungeni. Septemba 2024, Mahakama Kuu iliharamisha sheria ya hazina hiyo na kuipa muda hadi Juni 30, 2026. Julai 2025, wabunge walipitisha mswada wa kuiingiza katika Katiba. Hata hivyo, ulihitaji pia thuluthi mbili ya Seneti, yaani maseneta 45 kati ya 67. Si ajabu basi kwamba mswada huohuo uliwatengea maseneta hazina yao. Lakini chambo hicho hakijibu hoja kuu: anayetunga sheria na kukagua matumizi ya fedha, atakuwaje pia na usemi katika kuzigawa?