Kutembelea mgonjwa bila kurudi nyumbani na ugonjwa

Saa za kutembelea wagonjwa zikifika, milango ya hospitali za mashariki mwa Kongo hujaa watu. Mama anabeba fufu na sombe, watoto wanamfuata, majirani na wanakwaya wako nyuma. Hilo si kosa. Mgonjwa asiyetembelewa huonekana ametupwa, na zaidi ya hapo jamaa ndio wanaompikia, wanaomwosha na kumfulia mashuka.

Lakini Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua zaidi ya watu 2 200, na wengi waliambukizwa ndani ya vituo vya matibabu. Mtu aliingia na malaria, akatoka na Ebola.

Hata hivyo, kufukuza jamaa si suluhisho. Huko Beni, shirika ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za kuonekana ndani, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye bila kumgusa. Ni vigumu kuamini uvumi juu ya mtu unayemwona kwa macho.

Si kila hospitali itapata vyumba vile. Ndoo yenye robine, maji na sabuni, hiyo inawezekana. Aibu ni kubandika karatasi « Nawa mikono » juu ya robine kavu. Mama anayelala na mgonjwa hununua maji bidoni kwa bidoni. Akibaki na lita chache atapika kwanza, kunawa kutasubiri. Tena mpox, iliyosambaa kutoka Kamituga tangu 2023, hupita kwa kugusana ngozi na hata kwa mashuka. Nani anampa glavu mama huyo anayefua? Kazi hiyo ni ya hospitali, si yake.

Wageni nao wana sehemu yao. Mwenye homa, kikohozi, kuhara au vipele atume chakula, yeye abaki nyumbani. Watoto vilevile. Aliyeingia asikae juu ya kitanda, wala asimalize sahani ya mgonjwa, ingawa wengi hawapendi kuona chakula kinatupwa. Anawe akiingia, anawe tena akitoka.

Na makanisa yatume watu wawili tu. Kwaya nzima itaimba siku mgonjwa atakaporudi nyumbani.