Samaki Mgeni Asipite Bwawani Kuingia Ziwa Nyasa

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Usemi huu ni wa busara katika mambo ya watu. Katika mambo ya samaki, hata hivyo, historia ya nchi yetu imetufundisha kwamba mgeni aweza kuja na mwenyeji akaangamia.

Nasema haya kwa sababu huko Mbinga, na katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010, ufugaji wa samaki mabwawani umepata wafuasi wengi. Ni kazi njema, nayo humpatia mkulima wa kahawa kitoweo na fedha. Lakini baadhi ya vijito vya milimani huishia Ziwa Nyasa, na mvua kubwa ikibomoa ukingo, samaki wa bwawani huwa samaki wa ziwani.

Hebu tuangalie yaliyotokea Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara na sato walipandikizwa humo kwa nia ya kuongeza kitoweo. Kwa takriban miaka ishirini halikuonekana jambo la kutisha. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sangara akafumuka na kulitawala ziwa. Furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, wakatoweka kwa kasi, na aina nyingi hazijaonekana tena.

Furu hao hawakuwa bure. Wengine walikula mwani na masalia ya chini ya ziwa, wengine konokono, wengine wadudu. Walipoondoka, kazi zao zilikosa wa kuzifanya. Uduvi na dagaa wakaongezeka, naye sangara akawageukia hao, hata na watoto wake mwenyewe. Mwani ukazidi, ukichochewa pia na rutuba iliyokuwa ikisombwa kutoka mashambani, na maji ya kina yakapungukiwa hewa. Hata nchi kavu iliguswa: furu alianikwa juani, lakini sangara mwenye mafuta alihitaji kuni za kumbanika.

Hapana budi tuwe wakweli. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Lakini minofu ilipokwenda Ulaya, wananchi wengi wa kando ya ziwa walibaki na mapanki. Aidha, hakuna awezaye kulirudisha ziwa lile lilivyokuwa.

Ziwa Nyasa halijapata msiba huo. Kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, mvuvi bado anategemea ulaji wa asili: vidudu vidogo vya majini hula mwani, usipa hula vidudu hivyo, naye mbasa hula usipa. Wapo pia wale visubi wanaopaa juu ya ziwa kama moshi, ambao mabuu yao huishi majini. Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na mawazo kwamba mabuu hayo yanapotea bure, basi waletwe dagaa wa Ziwa Tanganyika wayale, kama walivyokwisha kupelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Wataalamu wengine walipinga, wakaonyesha kwamba samaki wenyeji wanayala tayari. Dagaa hao hawakuletwa, na hiyo ilikuwa busara.

Hatari ya leo haingojei uamuzi wa wataalamu. Inasafiri ndani ya ndoo ya vifaranga. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba sato ameonekana katika maji ya bonde la Ziwa Nyasa, upande wa kaskazini, nchini mwetu. Sato hugombea chakula na mazalio, na zaidi ya hayo huzaana na magege. Chotara wakishaenea, hakuna wavu utakaowatenga. Ngege wa Ziwa Victoria, aliyekwisha kudhoofishwa na nyavu za wavuvi, alisukumwa kando na sangara na sato hao hao.

Yupo atakayesema kwamba sato hukua upesi, na mkulima hali hadithi za kuhifadhi ziwa. Hoja hiyo ni ya haki. Haifai kumkataza mkulima sato bila kumpa kitu badala yake. Kwa hiyo maofisa wa uvuvi wanapaswa kuhakikisha kwamba vifaranga bora vya magege wa bonde hili vinazalishwa na kumfikia mkulima kwa bei anayoiweza. Waelekeze pia mabwawa yachimbwe mbali na njia ya mafuriko, na matoleo ya maji yawekewe wavu. Walimu nao, ambao shule zao zina mabwawa au zinatarajia kuyachimba, wana nafasi ya kuwa mfano: waulize kifaranga kimetoka wapi kabla ya kukipokea, na wawafundishe vijana nani anamla nani ziwani.

Ziwa Victoria lilikaa kimya miaka ishirini kabla ya kutuonyesha kosa letu. Tusichukue ukimya wa Ziwa Nyasa kuwa ni usalama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ziwa likishabomoka, hakuna fundi wa kulijenga upya.